GAZETI LA MUZIKI LA VIJANA: LITASOMWA NA NANI HASA?

Na Mlezi wa Chama

Wahariri wa jarida hili waliniomba niwaandikie somo moja juu ya uandishi wa magazeti, nami nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika juu ya vichwa vya habari. Siku hiyo nikafungua kabati la idara kutafuta chaki, nikakutana ana kwa ana na lile bunda. Mliokuwapo mwaka wa 2023 mnalijua. Ambao hamkuwapo, ngojeni niwasimulie, manake somo lenyewe limo ndani ya bunda hilo.

Mwaka huo chama chetu kilikuwa na shilingi 9,000. Hizo zilikuwa ada za wanachama pamoja na faida ya chai na mandazi tuliyouza siku ya wazazi. Tukaamua kutoa gazeti dogo la muziki, mbali na jarida hili la kila mwaka. Wanachama walifurahi mno, na kila mtu akaandika alichotaka. Mmoja akaleta makala juu ya taarabu ya Mombasa, mwingine juu ya benga, mwingine akasifu nyimbo za injili, watatu wakaandika juu ya rapu. Mimi mwenyewe, nisijifiche, nikaandika kurasa nne nzima juu ya zilizopendwa, na bendi zilizopiga katika kumbi za Nairobi kabla wazazi wa baadhi yenu hawajaonana. Jalada likawa la rangi. Juu yake tukaandika kwa herufi kubwa: GAZETI LA VIJANA WOTE.

Tulichapisha nakala 200, kila moja ikatugharimu shilingi 45. Tukaziuza kwa shilingi 60. Zilinunuliwa nakala 61. Piga hesabu mwenyewe: tulipata shilingi 3,660, tukapoteza 5,340. Nakala 139 zilibaki, na ndizo hizo zilizofungwa kamba ndani ya kabati. Mweka hazina wetu wa mwaka huo, msichana makini kweli kweli, alilia. Hakulia kwa sababu ya hesabu. Alilia kwa sababu ndiye aliyezunguka mabwenini akiomba ada, kumi kumi, na sasa wenzake walikuwa wakimwuliza pesa zao zimekwenda wapi.

Basi swali la somo letu ni hili: kabla hujaandika hata mstari mmoja wa gazeti la muziki, utamjuaje atakayelisoma? Wataalamu wa mawasiliano humwita mlengwa, na wote kwa jumla hadhira lengwa. Mimi nitasema tu msomaji wetu.

"Vijana wote" ni akina nani?

Tuanze na kosa lililokaa juu ya jalada. Neno kijana ni tamu mdomoni lakini ukitaka kulishika linateleza kama kambare. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema kijana ni mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafikisha 35. Umoja wa Mataifa katika takwimu zake huhesabu kuanzia 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa mwaka wa 2006, unasema 15 hadi 35. Ukifuata Katiba, wengi wenu mnaosoma ukurasa huu si vijana hata kidogo. Nyinyi ni watoto, kwani kisheria mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Msinune. Na yule mwalimu wa mazoezi mliyemwita "mzee" muhula uliopita, yeye ndiye kijana halisi.

Isitoshe, sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na takriban watu watatu katika kila wanne walikuwa chini ya umri wa miaka 35. Kwa hivyo ukisema "vijana wote" hujachagua mtu yeyote. Umesimama juu ya kilima ukaita "Nyinyi!", kisha unashangaa kwamba hakuna aliyegeuka. Mama wa miaka 33 mwenye watoto watatu huko Kakamega, makanga wa miaka 22 katika barabara ya Jogoo, na mtoto wa miaka 14 aliyeingia bweni juzi na bado analowesha mto kwa machozi, hao wote hawawezi kununua gazeti moja la muziki. Hata wakipenda wimbo mmoja, kila mmoja anaupenda kwa sababu yake.

Waliotangulia walifanyaje?

Hebu tutazame nchi ambayo magazeti ya muziki yalistawi sana, nayo ni Uingereza. Huko kulikuwa na gazeti liitwalo NME, lililoanza mwaka wa 1952. Katika miaka ya 1970 mhariri wake alikuwa Nick Logan. Wasomaji wa NME walikuwa vijana waliokwisha kupevuka, waliopenda mabishano marefu juu ya bendi za gitaa. Mwaka wa 1978 Logan akaanzisha gazeti lake, Smash Hits. Wala hakujaribu kuwanyang'anya NME wasomaji wao. Aliwatazama wale wadogo zao nyumbani, waliokuwa wakinunua sahani za santuri lakini hawana gazeti linalosema nao, na hasa wasichana. Wadogo hawa walitaka nini? Walitaka maneno ya nyimbo ili waimbe bila kubabaika, na picha za rangi za kubandika ukutani. Wakapewa. Gazeti lilitoka kila baada ya wiki mbili, likapendwa vibaya sana. (Mmoja wa waandishi wake, Neil Tennant, baadaye akaacha kuandika juu ya waimbaji akawa mwimbaji mwenyewe, wa Pet Shop Boys. Mambo hayo!)

Angalia sasa wengine walivyogawana uwanja huo huo. Kerrang! lilianza mwaka wa 1981 kwa ajili ya wale wapendao roki nzito ya makelele. Mojo likaja mwaka wa 1993 kwa watu wazima wanaopenda kusimuliwa habari za nyimbo za ujana wao. Nchi moja, maduka yale yale, lakini kila gazeti na mtu wake. Mpenzi wa Mojo hangeshika Smash Hits hata umlipe.

Mfano unaonifurahisha zaidi, hata hivyo, ni wa Marekani, kwa sababu ulianzishwa na wanafunzi. Mwaka wa 1988 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, David Mays na Jon Shecter, waliokuwa wakiendesha kipindi cha hip hop katika redio ya chuo, walianza kutoa karatasi moja tu ya habari za muziki huo. Waliwatumia wasikilizaji wa kipindi chao. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa gazeti kubwa la The Source. Umeona ujanja wao? Sisi tulichapisha nakala 200 kisha tukaanza kutafuta watu. Wao walikuwa na watu kwanza, wanawajua kwa majina na anwani, ndipo wakatafuta karatasi.

Hapa kwetu Kenya mfano mzuri ni Shujaaz, kitabu cha vibonzo kilichoanza mwaka wa 2010. Si gazeti la muziki, lakini shujaa wake, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule, hana kazi, na anaendesha redio ya siri kutoka nyumbani kwao. Lugha yake ni Sheng. Tena kilitolewa bure, kikiwekwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kugawanywa katika vibanda vya M-Pesa. Kwa nini bure? Kwa sababu waliomtaka ni kijana asiye na pesa. Kwa nini vibandani? Kwa sababu huko ndiko anakopita kila siku. Mwaka wa 2012 kikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Unaona kwamba kumjua msomaji si kujua umri wake tu. Ni kujua mfuko wake na njia anayopita.

Dodoso lililotudanganya

Mwaka wa 2024 tuliamua kujaribu tena, lakini safari hii wanachama walikula kiapo: wiki tatu bila kuandika makala yoyote. Wiki tatu za kumtafuta msomaji tu.

Tulianza kwa dodoso. Hatukuweka nafasi ya jina, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchukua habari za mtoto, na kwa kweli jina la mtu halikuwa na faida kwetu. Swali la kwanza liliuliza: Unapenda muziki wa aina gani? Tukapata majibu 40. Thelathini na saba yalisema nyimbo za injili.

Nikafurahi, nikasema naam, tumempata. Katibu akanitazama kwa huruma kama mtu anavyomtazama mzee aliyevaa shati nje ndani. Akaniambia, "Mwalimu, ni wewe uliyekusanya karatasi." Kumbe! Mwanafunzi akiulizwa na mwalimu anapenda wimbo gani, atajibu kile anachofikiri mwalimu atapenda kusikia. Na akiulizwa na wenzake mbele ya watu, atataja mwimbaji anayesifiwa wiki hiyo, hata kama hajui wimbo wake mmoja mpaka mwisho.

Tukabadili mbinu. Wanachama wakaacha kuuliza wakaanza kutazama. Watu huimba nini wanapofua nguo Jumamosi? Ndani ya basi, kwaya ikitoka kwenye tamasha la muziki, wakishaimba zile nyimbo za mashindano wakachoka nazo, wanaanzisha upi? Nini kimeandikwa nyuma kabisa ya madaftari, ukurasa ule ambao mwalimu wa hesabu hafiki? Nini kimebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku? Kila mwanachama akawa na kijidaftari. Walikatazwa kuandika majina ya watu, na walikatazwa kupekua cha mtu bila ruhusa.

Ndipo tukatunga dodoso jingine, maswali matatu tu, na likakusanywa na wanafunzi. Wimbo wa mwisho ulioimba peke yako ni upi? Uliusikia wapi? Kuna neno gani ndani yake ambalo hujui maana yake au huna hakika unalitamka sawasawa?

Lile swali la tatu, ambalo tuliliweka kwa sababu ya ukiritimba wetu wa Kiswahili, ndilo lililotufumbua macho. Karibu kila karatasi ya mwanafunzi wa bweni ilikuwa na jibu. Wanasikia wimbo likizoni au ndani ya matatu siku ya kurudi shule. Wanauingiza langoni kichwani, manake simu hairuhusiwi. Baada ya wiki moja ubeti wa pili umepotea. Wiki ya tatu watu wanabishana. Tuligundua kwamba wasichana wawili wa Kidato cha Pili walikuwa hawasemezani tangu muhula uanze kwa sababu ya neno moja katika wimbo wa Bongo Fleva. Mmoja anasema ni "nimezama", mwingine anasema ni "nimezamia", na hakuna wa kuamua.

Hapo tukamwona msomaji wetu. Ni mtu mwenye nusu ya wimbo.

Linganisheni na yale ya Uingereza. Smash Hits lilikoma mwaka wa 2006. NME liliacha kuchapishwa kwenye karatasi kila wiki mwaka wa 2018. Gazeti la Q, lililoanza mwaka wa 1986, likafungwa mwaka wa 2020. Mtu mwenye simu mkononi hapati shida ya maneno ya wimbo wala picha ya mwimbaji, anabonyeza tu. Mtu akiniambia leo nianzishe gazeti la muziki la kuuzwa barabarani Nairobi, nitamwambia aweke pesa zake kwenye chama cha kuweka akiba. Lakini ndani ya ua letu, wiki kumi na kitu kila muhula, simu hakuna. Ile haja aliyoiona Logan mwaka wa 1978 bado iko hapa, imefungiwa nasi ndani ya seng'enge.

Kulikuwa na kizingiti kimoja. Maneno ya wimbo ni mali ya aliyeyatunga, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamlinda. Huwezi kuyachapa ukayauza bila ruhusa yake, hata kama wewe ni chama cha wanafunzi na unauza kwa bei ya mandazi. Wanachama walinung'unika. Tukatafuta njia: hatukuchapa nyimbo za watu, bali tulifafanua maneno magumu yaliyomo, asili yake na matamshi yake, tukaeleza kisa cha wimbo ni nini. Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani anayerekodi nyimbo za injili alitupa ruhusa kwa barua tuchape wimbo wake mzima. Na nafasi nyingine tukawapa washairi wetu wenyewe.

Anayesoma, anayenunua, na mwenye ufunguo wa lango

Watu wengi wakizungumza juu ya msomaji wanadhani ni mtu mmoja. Shuleni ni watatu. Yupo anayesoma. Yupo anayetoa pesa, ambaye ni mzazi, hata kama pesa zenyewe zinapita mkononi mwa mtoto. Na yupo anayeruhusu, yaani usimamizi wa shule. Gazeti likimfurahisha wa kwanza likamuudhi wa tatu, halitafika bwenini. Likimfurahisha wa tatu tu, litafika bwenini na litafungia maandazi.

Naibu wa mwalimu mkuu alituuliza swali moja tu: "Mama yake akilikuta ndani ya sanduku wakati wa likizo, nitamjibu nini?" Mwanzoni niliona ni kikwazo. Baadaye nikaona ametusaidia. Tulijua ni nyimbo zipi za gengetone tutazijadili na zipi tutaziacha. Kuna wanachama waliosema huo ni uoga. Huenda. Lakini mimi ndiye ninayeitwa ofisini, si wao.

Kuhusu pesa, tulikwenda kwa mama wa kantini. Huyo ndiye mtaalamu. Alitueleza, bila takwimu wala grafu, kwamba wanafunzi wana pesa wiki ya kwanza ya muhula na wiki ile baada ya Jumapili ya kutembelewa. Baina ya hapo ni kukopa. Gazeti letu la 2023 tulilitoa wiki ya tisa! Shilingi 60 katika wiki ya tisa ni mandazi sita, na njaa haina urafiki na utamaduni. Mama akatuambia kwamba kitu cha shilingi 30 mtu hununua bila kufikiri, cha 50 anafikiri, cha 60 anamwita rafiki wachange. Tukachukua 30.

Kisha tukauliza linasomwa wapi. Jibu: kitandani, baada ya masomo ya jioni, kabla taa hazijazimwa, au siku ya Jumapili mchana. Taa ya bweni ni hafifu na ipo juu kabisa. Kwa hiyo herufi ziwe kubwa, makala yawe mafupi ya kumalizwa kwa dakika kumi, na gazeti lenyewe likunjike, liingie ndani ya atlasi. (Sikuuliza kwa nini liingie ndani ya atlasi.) Rangi za jalada zilizotula pesa mwaka wa 2023, hakuna hata mmoja aliyezitaja.

Ugomvi wa lugha

Hapa nitakawia kidogo, manake ndipo mlezi na wanachama walipopigana vita vikali.

Redio za Kenya zimetuonyesha kwamba kuchagua lugha ni kuchagua watu. Capital FM ilipoanza mwaka wa 1996 ilizungumza Kiingereza cha mjini. Ghetto Radio ikachagua Sheng. Vituo vingine vikachagua lugha za mama. Na katika muziki wenyewe, Kalamashaka wa Dandora waliporapu kwa lugha ya mtaani katika miaka ya 1990, walikuwa wanajua fika wanasema na nani.

Wanachama wengi walitaka gazeti liwe la Sheng tupu. Walisema msomaji wetu hawezi kuzungumza juu ya ngoma kali kwa lugha ya insha. Mimi nikasema chama ni cha Kiswahili, si cha kona ya stendi. Tukavutana Jumatano mbili. Aliyetutatulia ni mwanachama mmoja mkimya kutoka Lamu, ambaye hajawahi kusema lolote mkutanoni. Alisimama akasema, "Samahani Mwalimu. Samahani wenzangu. Hiyo Sheng yenu mimi sielewi nusu. Na Kiswahili cha Mwalimu ninakielewa lakini kinanichosha." Watu wakacheka hadi meza zikalia.

Alikuwa amesema kweli mara mbili. Sheng ya Eastlands si Sheng ya Nakuru, na huko Pwani wana misemo yao wenyewe. Tena inabadilika upesi. Neno linalochekesha Januari, ukilichapa Julai unaonekana umetoka kijijini jana. Lakini pia ile lugha yangu ya "hilihali" na "maadamu" ilikuwa inamfukuza msomaji mlangoni. Tukakubaliana hivi: maelezo yote kwa Kiswahili chepesi cha kila siku, mahojiano yabaki na maneno ya msemaji kama alivyoyasema, na kila toleo liwe na nusu ukurasa wa maneno ya mtaani na mahali yalipotoka. Hiyo nusu ukurasa ndiyo iliyosomwa kuliko zote, hata na walimu, hata na yule naibu.

Yule wa dirishani

Mwisho wa wiki tatu tuliandika picha ya msomaji wetu katika aya moja, tukaibandika ukutani juu ya meza ya wahariri. Ilisema hivi:

"Ana miaka 15 au 16. Yuko bwenini, kitanda cha juu karibu na dirisha, kwa sababu huko mwanga ni mzuri. Ana daftari la nyimbo ambalo nusu yake ni mapengo. Anajua Kiswahili, anasikia Sheng, nyumbani anasema lugha ya mama. Ana shilingi 200 baada ya siku ya kutembelewa, na anataka zimfikishe mbali. Anasikiliza injili na gengetone wiki hiyo hiyo na haoni ajabu. Hataki kufundishwa. Anataka kujua ubeti wa pili."

Tulisema ni msichana, kwa kuwa madaftari mengi tuliyoonyeshwa yalikuwa ya wasichana. Wavulana wakalalamika: "Kwa hivyo sisi hatutasoma?" Tukawaambia watasoma, lakini hatutaandika tukiwafikiria wao kwanza. Na ndivyo ilivyokuwa. Wavulana wachache walinunua, wengi waliazima.

Kutoka hapo kazi ilikuwa rahisi hata nikashangaa. Kila makala yalipoletwa, mhariri alisoma kisha akauliza, "Yule wa dirishani atalifungua hili?" Hakuna aliyegombana na mwenzake; kila mtu aligombana na aya ya ukutani. Makala juu ya mitambo ya studio yakakataliwa. Makala ya kusifu chama chetu yakakataliwa. Makala yangu ya zilizopendwa, ambayo nilikuwa nimeyapunguza kutoka kurasa nne hadi mbili nikidhani nimejinyima sana, yakakataliwa na mwanafunzi wa Kidato cha Pili, kwa adabu, akiwa ameshika kalamu nyekundu. Sitasema haikuniuma.

Tulichapa nakala 80, bila rangi, karatasi nne zilizokunjwa kuwa kurasa 16, kwa shilingi 24 kila moja. Tulizileta Jumatatu baada ya Jumapili ya kutembelewa. Kufikia Alhamisi tulikuwa tumeuza 77. Moja ilikwenda kwa mwalimu mkuu na mbili tukazihifadhi. Mapato yalikuwa shilingi 2,310, gharama 1,920, faida 390. Ni kidogo, lakini mweka hazina mpya aliisoma hesabu hiyo mkutanoni mara mbili, polepole, na yule wa zamani akiwa ameketi nyuma kabisa.

Faida nyingine hatukuitarajia. Nakala moja nilionyeshwa mwisho wa muhula: ilikuwa imepita vitanda 11 katika bweni moja, kila aliyeisoma ametia alama ya kalamu pembeni, jalada halipo tena. Ukipanga gazeti la shule, mpenzi msomaji, usihesabu walionunua tu. Hesabu mikono.

Na barua zikaja. Mojawapo iliuliza kwa nini gitaa katika wimbo fulani mpya linafanana na lile la nyimbo ambazo babu ya mwandishi husikiliza. Wahariri wakaniletea. "Mwalimu," wakasema, "sasa amekuuliza mwenyewe. Una nusu ukurasa."

Limebaki jambo moja, nalo ndilo ajenda ya mkutano wetu ujao. Wanafunzi wa kutwa wametuandikia, wametia sahihi wote, wakiuliza gazeti lao li wapi. Wana haki. Tulipomchagua yule wa dirishani tuliwaacha wao nje, tukijua. Wao jioni wana simu nyumbani, ubeti wa pili wanao, na hawana kitanda cha juu. Wengine hutembea saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Je, katika muziki wanakosa nini ambacho karatasi inaweza kuwapa? Sijui kama wanahitaji gazeti, au karatasi moja kama ile ya Harvard, au pengine wao ndio watuletee nyimbo mpya kutoka nje ya lango na wawe waandishi wetu. Dodoso limekwisha kutungwa, maswali matatu, na safari hii sitalikusanya mimi. Mkutano ni Jumatano baada ya michezo, katika maktaba. Wa kutwa wataruhusiwa kuondoka saa kumi na moja ili wasikutwe na giza njiani, kwa hiyo tutaanza na wao.